Nyumba ya Amana: Habari za Jumba la Sanaa la Tehran

Tumefundishwa tangu chuoni kwamba mja ataulizwa juu ya mali yake maswali mawili: aliipata wapi, na aliitumia katika nini. Aghalabu tunaposikia maneno hayo fikira zetu humwendea tajiri wa mtaa wetu, mwenye maduka na magari. Walakini mataifa nayo yana mali, na watawala nao wana mikono ya kutumia. Na mali ya taifa huongezwa swali la tatu lililo zito kama hayo mawili: je, wenyewe waliulizwa?

Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za jumba moja lililoko Tehran, mji mkuu wa Iran. Jina lake ni Jumba la Makumbusho la Sanaa za Kisasa. Si msikiti, si madrasa, wala si kaburi la walii, na huenda msomaji akashangaa kwa nini gazeti kama hili likatoa nafasi kwa nyumba ya picha na masanamu. Twamwomba subira. Katika historia ya jumba hili mna funzo la amana, na funzo hilo lamhusu hata mtu asiyepata kutia mguu katika jumba la makumbusho maishani mwake.

UTAJIRI ULIOKUJA GHAFLA

Mwishoni mwa mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda duniani kwa namna isiyopata kuonekana. Pipa lililokuwa likiuzwa kwa kiasi cha dola 3 lilikaribia dola 12 mwanzoni mwa mwaka 1974. Iran ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa, basi fedha zikamiminika katika hazina ya nchi kama maji ya masika.

Mtawala wa siku hizo alikuwa Shah Muhammad Reza Pahlavi, mtu aliyependa fahari. Oktoba 1971 alikuwa amekwisha kufanya sherehe katika magofu ya Persepolis, kuadhimisha miaka 2,500 ya ufalme wa Waajemi. Wafalme na marais walipigiwa mahema ya anasa huko nyikani, na chakula kikaandaliwa na mkahawa mashuhuri wa Paris. Ilhali kusini mwa Tehran watu waliohamia mjini kutoka mashamba walikuwa wakiishi katika vibanda.

Mke wa Shah, Malkia Farah, alikuwa amesomea ujenzi wa majumba mjini Paris, na moyo wake ulielekea kwenye sanaa. Alikuwa na binamu yake aitwaye Kamran Diba, aliyezaliwa mwaka 1937, naye alisomea fani hiyo hiyo katika Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington, na juu ya hayo alikuwa mchoraji. Tangu miaka ya 1960 wawili hawa walikuwa na fikira ya kuupatia mji wa Tehran nyumba ya sanaa za zama hizi. Fedha za mafuta zilipopatikana, fikira ikawa jengo.

Wajumbe wakatumwa kununua. Wakati huo biashara katika nchi za Magharibi ilikuwa imelegea kwa sababu ya bei hiyo hiyo ya mafuta, na vitu vya thamani vilikuwa vikiuzwa kwa bei nafuu. Zikanunuliwa kazi za Monet na Pissarro wa Ufaransa, za Gauguin na Van Gogh, za Picasso wa Hispania, za Giacometti wa Uswisi, za Bacon na Moore wa Uingereza, na za Warhol wa Marekani. Ikanunuliwa picha kubwa ya Jackson Pollock ya mwaka 1950, ambayo rangi zake zimemwagwa na kurushwa juu ya ardhi nyekundu. Wajuzi huyataja makusanyo haya kuwa miongoni mwa yaliyo bora kabisa ya sanaa za Magharibi nje ya Ulaya na Marekani, na thamani yake leo hukisiwa kwa mabilioni ya dola.

Hata hivyo haikuwa yote ya wageni. Jumba lilipofunguliwa, Oktoba 1977, palikuwapo maonyesho ya wasanii wa Kiirani wanaojulikana kwa jina la Saqqakhana. Neno hilo maana yake ni mahali pa maji ya sabili, panapojengwa kando ya njia kuwanywesha wapita njia, kwa kukumbuka kiu ya mashahidi wa Karbala. Wasanii hawa, kama Hossein Zenderoudi na Parviz Tanavoli, walichota katika khati, hirizi, kufuli na mapambo ya mahali hapo wakatengeneza sanaa mpya. Walikuwa ni watu wanaotafuta namna ya kuwa wa leo bila ya kuwasahau wazee wao.

JENGO LENYEWE

Jumba lilijengwa pembeni mwa bustani kubwa ambayo siku hizi huitwa Laleh. Mtu akitazama kwa mbali haoni mnara wala ghorofa. Huona kuta za mawe na zege zilizoinama karibu na ardhi, na juu yake vichwa vya mviringo vilivyoelekea huku na huku, kama watu waliogeuza nyuso kutafuta kitu. Ili kuelewa vichwa hivyo ni nini, hatuna budi kwenda kwanza katika miji ya jangwani ya Iran, kama Yazd.

Huko joto ni kali. Sisi wa pwani twaijua taabu hiyo, na wazee wetu wa Lamu na Mombasa waliipigania kwa njia yao: kuta nene za mawe ya matumbawe, vichochoro vyembamba vyenye kivuli, na kiwanda katikati ya nyumba kiingize upepo na mwanga. Watu wa Yazd walibuni kitu kiitwacho badgiri, yaani mshika upepo. Ni mnara unaopanda juu ya dari, wenye matundu ubavuni. Upepo unaopita juu hunaswa hapo, hushuka ndani ya mnara, na kuingia vyumbani ukiwa mpole. Mara nyingi badgiri husimamishwa juu ya birika la chini ya ardhi ili maji yabaki baridi, na watu hushuka ngazi nyingi kwenda kuyateka.

Kamran Diba alilichukua umbo hilo akalipa kazi nyingine. Vichwa vile vilivyo juu ya jumba havishiki upepo, vinashika mwanga. Jua kali huharibu rangi za picha, na giza huzifanya zisionekane. Kwa hiyo mwanga huingia kwa juu, hugonga ukuta uliopinda, kisha hushuka ukiwa umepoa, kama vile upepo wa Yazd unavyopoa kabla ya kumfikia aliyelala chini. Hapa pana busara kubwa. Fundi huyu hakuiga nyumba ya kale kwa upofu, wala hakuitupa. Aliuliza kwanza wazee walikuwa wakitafuta nini, kisha akatumia hekima yao kwa haja ya siku zake.

Ukiingia ndani wafika katika ukumbi wa duara, na mbele yako pana njia ya mteremko inayozunguka kama kombe la konokono ikishuka ndani ya ardhi. Wengi hulilinganisha na jumba la Guggenheim la New York, lililochorwa na Frank Lloyd Wright na kufunguliwa mwaka 1959, ambalo nalo lina njia ya kuzunguka. Tofauti ni kwamba lile la New York limeinuka juu, na hili la Tehran limezama chini. Kutoka hapo mgeni hupitia vyumba vya maonyesho vipatavyo tisa, kimoja baada ya kingine, vilivyouzunguka ua wenye masanamu, na njia humpandisha pole pole hata akajikuta pale pale alipoanzia.

BIRIKA LISILO NA MAJI

Chini kabisa ya ule mteremko pana kitu ambacho kila mgeni husimama kukitazama. Ni bwawa la chuma la pembe nne, jeusi, lililotulia kama kioo. Dari yote na njia yote huonekana ndani yake. Mtu hudhani ni maji, au ni jiwe lililosuguliwa. Kumbe ni mafuta! Lilitengenezwa mwaka 1977 na msanii wa Kijapani, Noriyuki Haraguchi, na lingali hapo. Mwaka 2017 alirudi mwenyewe kulitengeneza upya.

Natutafakari kidogo. Juu pana badgiri, na chini pana birika, kama desturi ya Yazd. Lakini katika birika la Yazd mwenye kiu hushuka akapata maji, na katika birika la Tehran akishuka hukuta mafuta. Sijui kama msanii alikusudia hivyo, lakini hakuna hotuba iwezayo kueleza mambo ya siku zile kwa uwazi zaidi. Nyumba yote ilisimama juu ya mafuta. Picha zote zilinunuliwa kwa mafuta. Na watu wa vibandani, ambao mafuta hayo yalitoka chini ya ardhi ya nchi yao, hawakuulizwa kama walikuwa na kiu ya nini.

Hatusemi kwamba sanaa ni israfu. Taifa lahitaji mkate, na lahitaji pia vitu vya kulisha akili. Israfu ni pale mwenye amri anapoitumia hazina kana kwamba ni mfuko wa kanzu yake. Wengi wetu tumesimuliwa kisa cha Khalifa Umar bin Abdul-Aziz na taa ya serikali: alipomaliza kazi za umma na mazungumzo yakageukia mambo ya nyumbani kwake, aliizima taa hiyo akawasha yake. Kama mafuta ya taa moja yalikuwa na hesabu, itakuwaje mafuta ya nchi nzima?

MAPINDUZI NA GHALA

Jumba lilikuwa na miezi kumi na mitano tu tangu kufunguliwa. Januari 1979 Shah akaikimbia nchi, na Februari Ayatullah Khomeini akarudi kutoka uhamishoni. Mambo yote ya Shah yalichukiwa, na katika jumba la malkia mlikuwa na vitu vingi vya kuchukiza macho ya wanamapinduzi: picha za uchi, masanamu, na majina ya Wamarekani.

Hapo ndipo lilipokuwa jaribio. Ingekuwa rahisi kuzichoma, na watu wangeshangilia. Ingekuwa rahisi pia kuziuza. Mwaka 1980 vita na Iraq vilianza, vikadumu hadi mwaka 1988, na nchi ilikuwa na shida kubwa ya fedha za kigeni. Lakini makusanyo hayakuchomwa wala hayakupelekwa mnadani. Yalipelekwa katika ghala la chini ya jumba, yakafungiwa. Kuta za juu zikatundikwa picha za mapinduzi na za vita, na picha za viongozi wapya zikawekwa katika ukumbi wa duara. Chini, wafanyakazi waliendelea kulinda vitu ambavyo hapana aliyeviona. Miongoni mwao alikuwapo mtu aliyeanza kazi kama dereva wa jumba, akaishia kuwa mtunza ghala kwa miaka mingi.

Wako watakaouliza: je, Waislamu wafaa kutunza picha na masanamu? Suala la picha lina maneno yake marefu kwa wanavyuoni. Wengi wao wamekataza masanamu ya viumbe wenye roho, na wamekhitilafiana katika picha zilizochorwa. Anayetaka hukumu na awaulize wenye elimu. Sisi hapa twazungumza jambo jingine. Mtu akifa akaacha yatima, na wewe ukawa msimamizi wa mali yao, huenda ukakuta humo vitu ambavyo wewe mwenyewe usingevinunua. Unaweza kumlaumu marehemu kwa kuvinunua. Lakini huna ruhusa ya kuvipoteza thamani yake na kuwaacha yatima mikono mitupu, kwani fedha iliyomo ndani ya vitu hivyo ni yao. Ndivyo ilivyokuwa Tehran. Picha zile zilikuwa ni mafuta ya watu yaliyogeuzwa rangi. Kuzichoma kungekuwa ni kuwaibia mara ya pili.

KITABU KILICHORUDI NYUMBANI

Mwaka 1994 likatukia jambo ambalo bado lazungumzwa. Kulitajwa kwahitaji kurudi nyuma miaka mia nne na zaidi.

Shah Tahmasp, aliyetawala Uajemi tangu mwaka 1524 hadi mwaka 1576, alikuwa na nakala ya Shahnama, kile kitabu kikubwa cha mashairi cha Firdausi, iliyotengenezwa na mabingwa wa khati na wa picha ndogo ndogo wa Tabriz. Ilikuwa na picha 258. Mwaka 1568 aliipeleka kuwa zawadi kwa Sultani Selim wa Pili wa Uturuki, nayo ikakaa Istanbul muda mrefu. Mwanzoni mwa karne ya ishirini ilikuwa tayari mikononi mwa akina Rothschild huko Paris. Mwaka 1959 ikanunuliwa na tajiri wa Kimarekani, Arthur Houghton. Tajiri huyu akaikatakata! Kurasa zenye picha 78 alilipa jumba la Metropolitan la New York, na nyingine akaziuza mbalimbali, moja moja. Kitabu kilichotengenezwa kuwa kimoja kikatawanywa kama shanga zilizokatika uzi.

Houghton alipofariki mwaka 1990, sehemu iliyosalia, yenye picha 118, ilikuwa mikononi mwa warithi wake. Nao Wairani walikuwa na picha katika ghala lao isiyoweza kuonyeshwa hata siku moja: mwanamke aliyechorwa na Willem de Kooning wa Marekani mwaka 1953. Basi wakakubaliana kubadilishana, na vitu vikakabidhiwa katika uwanja wa ndege wa Vienna. Mwanamke wa De Kooning akaenda Magharibi, na Shahnama ikarudi kwao.

Mwaka 2006 picha ile iliuzwa kwa dola milioni 137 na nusu. Watu wakasema Wairani wamepunjwa. Lakini mwaka 2011 ukurasa mmoja tu wa Shahnama ile ile uliuzwa mnadani London kwa pauni zaidi ya milioni 7. Kurasa hazilingani kwa ubora, hilo twalijua. Hata hivyo mwenye kupiga hesabu ya kurasa 118 na aipige. Na hata kama soko lingesema vingine, kuna kitu ambacho soko halina mizani yake. Wazee wetu walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Picha ya De Kooning ingeweza kukaa popote duniani ikawa vile vile. Shahnama ilikuwa ni mbacha wa Waajemi: ndani yake mna mikono ya mababu zao.

KUFICHA SI KUREJESHA

Walakini haki haisemwi upande mmoja. Amana ina mambo mawili: kuilinda, na kuifikisha kwa wenyewe. Kwa miaka ishirini hivi walinzi wa Tehran walitimiza la kwanza, na la pili likabaki. Kijana wa Kiirani aliyesomea uchoraji aliziona kazi zilizomo katika mji wake kupitia vitabu vilivyochapishwa Ulaya.

Kuanzia mwaka 1999 milango ya ghala ikaanza kufunguliwa kidogo kidogo. Mwaka 2005 pakawa na maonyesho makubwa ya kazi za Magharibi, na watu wakajaa. Jumba likaja kufungwa kwa matengenezo, likafunguliwa tena mwaka 2021. Mwishoni mwa mwaka 2024 yakafanyika maonyesho ya picha za nyuso na watu, ambamo nyingine zilitoka ghalani kwa mara ya kwanza baada ya miongo mingi, na umati ulikuwa mkubwa. Zipo zisizotundikwa, kwa sababu ya sitara. Hilo ni la wenyewe kuamua. Lakini mwananchi kuweza kuingia akatazama mali yake, akaipenda au akaichukia, hiyo ni sehemu ya haki aliyonyimwa zilipokuwa zikinunuliwa.

FUNZO KWETU

Sisi na Waajemi hatukujuana jana. Bahari ilituunganisha kwa majahazi na pepo za msimu, na hata leo twatamka bandari, bustani na pamba bila ya kukumbuka kwamba ni maneno yao. Basi habari zao zatufaa.

Kwanza, tujifunze kwa fundi aliyechukua badgiri. Leo pwani nyumba nyingi zajengwa kama masanduku ya bati na vioo, kisha mwenye nyumba hulalamika joto na kulipa umeme wa mitambo ya baridi. Kiwanda, daka na kuta nene havikuwa ushamba. Vilikuwa ni elimu.

Pili, tujitazame katika majumba yetu wenyewe. Ni milango mingapi ya nakshi iliyong'olewa katika miji yetu ikauzwa kwa watalii, na badala yake ikatiwa ya mbao za karatasi? Ni miswada mingapi ya tenzi na ya fiqhi iliyoliwa na mchwa ndani ya makasha, kwa kuwa bibi alipofariki wajukuu hawakujua kusoma khati za Kiarabu, wakadhani ni makaratasi tu? Mwenye kuuza mlango wa babu yake hujiona ameuza mbao zake. Lakini babu hakuuchonga kwa ajili yake peke yake. Aliupokea yeye ili aupitishe.

Basi kila nyumba na ifungue kasha lake. Kilichomo kiandikwe katika daftari, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Kisichosomeka apelekewe sheikh au mwalimu akisome. Kinachooza kitunzwe. Na watoto waitwe waonyeshwe, waambiwe hiki ni cha nani na kilitoka wapi, maana kitu kilichofungiwa kisijulikane ni kama kilichopotea.

Wafanyakazi wa Tehran walitunza kwa miaka mingi vitu ambavyo wengine wao huenda hawakuvipenda, katika njaa na katika vita, kwa sababu havikuwa vyao. Je, sisi tutashindwa kutunza vilivyo vyetu na tunavyovipenda? Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaozichunga amana zao na kuzifikisha kwa wenyewe. Amin.